Meza ya Watu Wawili

Siku ya kwanza ya maabara chuoni Mwalimu Twagirayezu alituambia kwamba fizikia si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anapima, mwenzake anaandika, kisha mnabadilishana, ili jicho la huyu limlinde yule. Akatuachia tuchaguane wenyewe, yeye akatoka nje kuvuta sigara. Aliporudi, darasa zima lilikuwa limeshakaa wawili wawili, na mimi nimesimama mbele ya kabati, najifanya nasoma majina ya chupa.

Nataka nieleweke vizuri: sikulia. Mimi nina hasira za karibu, na hasira zikishakuja machozi hayapati nafasi. Nilijiambia potelea mbali. Wengi wao walijuana tangu sekondari za masista na mapadri, wengine waliimba kwaya moja, wengine walitoka mkoa mmoja, na mwaka ule wa 1991, vita ikiwa imeshaingia mwaka wake wa pili huko kaskazini, mkoa wa mtu ulikuwa jambo zito. Mimi nilitoka Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa mjini. Na hapa Kigali ukimwita mtu Mswahili huzungumzii lugha. Unasema huyu mjanja, mpiga domo, mtu wa maduka asiye na kilima cha kwao kijijini. Msichana mmoja, Mukeshimana, aliniuliza kwa upole kabisa eti ni kweli kwetu mtoto hufundishwa kudanganya kabla ya kufundishwa kutembea. Nikamwambia ndiyo, na mimi nilianza mapema kuliko wenzangu. Hakurudi kuniuliza kitu tena. Sasa nikifikiri, naona labda ile ilikuwa njia yake ya kuanza mazungumzo.

"Huna mwenzako?" Mwalimu aliuliza.

"Sina."

Akahesabu vichwa kwa kidole, akaona hatugawanyiki kwa mbili. "Basi, Umulisa, wewe utakaa pale," akasema, akanionyesha meza ya mwisho dirishani.

Kwenye darasa la kawaida mtu anaweza kuwa peke yake na asionekane. Unakaa kwenye benchi, unaandika kama wengine, kengele ikilia unaondoka. Maabara inakuumbua. Kila meza ilikuwa na viti viwili virefu visivyo na mgongo, na cha pili changu nilikiwekea begi ili kisionekane kitupu. Saa ya kubonyeza niliishika kwa mkono wa kushoto, kalamu kwa wa kulia, na kama kuna uzi wa kushikilia niliushika kwa meno. Wengine walikuwa wakisemeshana: "Umeona ngapi?" "Soma tena." "Hebu sogea, unaniziba." Mimi nilisema hayo yote kimoyomoyo. Kuna siku ndege iliyokuwa ikishuka Kanombe ilipita chini mno juu ya kilima chetu, vioo vikatetemeka, darasa zima likacheka, kila mtu akimtazama mwenzake. Nami nilicheka, nikimtazama Mwalimu, ambaye hakuwa akinitazama.

Alama zangu zilikuwa nzuri. Muhula wa kwanza wote karatasi zilirudi bila wino mwekundu. Hakuna aliyeniuliza nimepata ngapi.

Sasa inabidi nieleze habari za duka letu, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu.

Baba yangu, Ilyasi, ni fundi cherehani wa nguo za kike. Kazi yake ilikuwa nzuri, na wanawake walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mji, lakini baba hakumgusa mwanamke kwa futi hata siku moja. Kupima ilikuwa kazi ya mama, na mama alipofariki ikawa yangu. Mteja aliingia nyuma ya pazia, mimi nikampima kwa futi, ule utepe wa fundi, nikaita namba kwa sauti, na baba kule mbele kwenye cherehani akaandika kwa chaki juu ya kitambaa. Tatizo lilikuwa baraza. Wanaume walikaa pale kutwa wakinywa kahawa, na mmoja wao, Twahiru, aliwahi kusikia vipimo vya bibi harusi mmoja akaenda kuvitangaza sokoni, kiuno hiki na nyonga zile, mpaka kaka za yule binti wakaja kumtafuta na fimbo. Baba aliona aibu wiki nzima. Tangu hapo yeye na mama wakapatana: namba yoyote inayoitwa itapunguzwa nne, na yeye kimya kimya ataongeza nne anapoandika. Mwili wa mtu una stara yake. Twahiru akatangaze namba atakazo, hazitamfaa kitu.

Basi mimi nimekulia humo. Nilianza kuita namba nikiwa bado nasimama juu ya kigoda kufikia mabega ya wateja. Futi ikiwa mkononi na mtu amenipa mgongo akiandika, jicho lilisoma moja na mdomo ukasema jingine, bila mimi kufikiri.

Baada ya likizo ya Noeli, Muhire hakurudi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyekaa na msichana mmoja, Gahongayire, kwenye meza ya nyuma. Wiki ya kwanza tulidhani mgonjwa. Wiki ya pili hakuna aliyedhani kitu tena, wala hakuna aliyeuliza. Vijana wa kabila lake walikuwa wakitoweka hivyo, na kila mtu alijua wamevuka mpaka kujiunga na waasi wa kaskazini. Na kwa kujua huko watu wakaanza kumkwepa Gahongayire. Akikaa benchi hili, wanahamia lile. Nilimwona siku moja kwenye mlango wa maktaba akisalimia kundi la wasichana, na kundi zima likawa na shughuli ya haraka kwingine.

Mwalimu Twagirayezu hakuwa na muda wa mambo hayo. Alihesabu vichwa tena, akaona sasa tunagawanyika, akamwonyesha Gahongayire meza yangu.

Niliondoa begi langu kwenye kile kiti haraka mno mpaka vitu vikamwagika sakafuni. Tukainama wote kuviokota. "Pole," akasema. Lilikuwa neno la kwanza nililoambiwa kwenye meza ile tangu mwaka uanze, na wallahi nilitamani anipe pole nyingine.

Sisemi tulikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Gahongayire hakuwa mtu wa maneno. Tulizungumza Kinyarwanda, na Kiswahili alijaribu akitaka kunichekesha. "Mimi iko na njaa sana," angesema, nami ningemwambia kwa Kiswahili hicho sokoni kwetu watamuuzia mawe kwa bei ya viazi, na yeye angecheka mpaka Mwalimu ageuke. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, alikuwa akitoka kwenye korido kula mkate wake. Nilimwambia akae tu, mimi nimezoea. Hakukubali. Alirudi akijipangusa mdomo kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

Kazi tuliigawa. Yeye alisoma mizani na kipimajoto, mimi niliandika, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na wake ulihitaji mkalimani. Tulikwenda vizuri. Mimi nilianza kufika mapema maabara, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na kama Gahongayire amechelewa nilikuwa natazama mlango.

Halafu, mwezi ule ule wa tatu, habari zikaja. Watu wa Gahongayire walikuwa Bugesera. Kule nyumba za kabila lao zilichomwa na watu wakauawa, waliopona wakakimbilia parokiani, na yeye hapa Kigali, kwa shangazi yake Gikondo, hakujua nani yuko wapi. Alikuja maabara hivyo hivyo. Alishika kipimajoto akakitazama bila kukisoma, mpaka mimi nikakisoma juu ya bega lake na kuandika. Hayo niliweza kumfanyia. Majaribio ya darasani, ambayo kila mtu hufanya peke yake, sikuweza. Alirudisha karatasi mbili nyeupe. Mwalimu alimwita akamwambia kwa namba kamili: ukikosa alama za maabara zilizobaki, mwaka umekwisha. Na kila mtu alijua kwamba kwa mtu wa kabila la Gahongayire nafasi ya chuo haitolewi mara mbili. Aliyeipoteza, ameipoteza.

Baada ya Idi tukafanya kazi ya pendulamu. Ni kitu chepesi: unaning'iniza kigololi cha chuma kwa uzi, unapima urefu wa uzi, unakiachia kibembee, unapima muda wa kwenda na kurudi. Kisha unabadilisha uzi, mrefu zaidi, unapima tena. Nyuzi Mwalimu alizigawa mwenyewe, kila meza fungu lake. Rula ndefu za chuo zilikuwa chache na zimeliwa pembe, kwa hiyo mimi nilikuja na futi kutoka dukani. Gahongayire alisema siku hiyo kichwa chake ni kizito, hawezi kusoma vistari vidogo, yeye ataandika.

Nikapanda juu ya kiti. Futi shingoni, uzi mkononi, Gahongayire chini amenipa mgongo, ameinamia karatasi. Nikaita namba, akaandika. Nikaita nyingine, akaandika. Kisha tulibembeza kigololi, yeye akabonyeza saa, mimi nikahesabu mizunguko kwa sauti. Meza za jirani walikuwa wakigombana juu ya uzi uliofunguka. Sisi tulimaliza kabla yao. Sijawahi kufurahia kazi ya maabara kama siku ile. Nilisimama juu ya kile kiti nikaona darasa zima kutoka juu, na chini yangu kichwa cha mtu aliyekuwa akiningoja niseme namba.

Juma lililofuata Mwalimu alituita ofisini. Karatasi yetu ilikuwa mezani, na kando yake karatasi ya Eustache na mwenzake, wa meza ya tatu.

"Mstari wenu umenyooka sana," akasema. "Lakini haupiti kwenye sifuri. Mnajua maana yake? Kwa mujibu wenu, pendulamu isiyo na uzi kabisa inachukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Nimefundisha miaka mingi, hiyo sijaiona."

Tuliinamia zile karatasi mbili.

"Nyuzi nilizikata mimi. Meza zote urefu mmoja. Muda wenu na muda wa Eustache ni ule ule. Urefu wenu umepungua sentimita nne kuliko wa Eustache. Uzi wa kwanza, nne. Wa pili, nne. Kila mahali nne." Akavua miwani. "Naona mlichukua kazi ya mwenzenu, mkapunguza kidogo ili nisitambue."

Aliposema nne mara ya tatu, nilijua. Nilihisi joto kupanda shingoni pale pale futi ilipokuwa imelala.

Gahongayire alisema hatukuibia mtu. Mwalimu akasema hana ushahidi kamili, na yeye si polisi. Akatupa mambo mawili. Moja, tukubali nusu ya alama sote wawili, tuendelee pamoja mpaka mtihani, na habari iishe. Pili, kama kuna mmoja wetu aliyekosea na anaweza kueleza amekoseaje, aje aeleze kabla ya Jumatatu kwisha. Mwenzake atapata alama zake zote. "Lakini hapo nitawatenganisha," akasema. "Mtu anayeharibu kipimo cha mwenzake sitamwacha naye kwenye meza moja."

Tuliteremka kilima. Karibu na barabara kubwa Gahongayire akasimama kufunga kiatu. Akiwa bado ameinama akasema, "Tupokee nusu, Umulisa. Yaishe."

Nilisema tutaona. Niliisikia kama sauti ya mtu aliyekata tamaa, na nani asiyekata tamaa kwa mwaka kama ule. Nilipiga hesabu kichwani. Mimi nusu haikunigusa, nilikuwa na akiba ya muhula mzima. Yeye nusu ilimmaliza. Angekosa alama, angekosa mwaka, angerudi kukaa kwa shangazi yake akingojea habari za Bugesera. Ningenyamaza ningebaki naye mpaka mtihani, wiki chache, kisha angefukuzwa. Ningesema, angebaki chuoni, lakini si mezani kwangu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Twahiru kwa domo lake, nikamkasirikia Mwalimu kwa kukata nyuzi sawasawa, nikajikasirikia mimi kwa kuwa na mdomo usionisubiri. Muhula mzima nilipima peke yangu na sikukosea hata unywele. Siku niliyopata mtu wa kunisikiliza, ndiyo siku niliyomwambia namba za uongo.

Nyumbani nilimweleza baba. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akanitazama.

"Na shuleni pia unapunguza?"

"Nilisahau kwamba niko shuleni."

Alikata uzi kwa meno. Nadhani alitaka kucheka na nadhani alitaka kuomba radhi, na baba hajui kufanya hata kimoja mbele ya watoto. "Mwambie mwalimu wako kama ilivyo," akasema. "Ila usimtajie mteja yeyote kwa jina."

"Nikimwambia, yule rafiki yangu ataondolewa."

"Si utamwona darasani?"

Nikamwambia ndiyo, nitamwona darasani. Hakukuwa na haja ya kumweleza baba kwamba darasani ni mahali pengine. Akarudi kwenye mshono wake.

Gahongayire sikumwambia. Niliogopa. Siku hizo mtu wa kabila lake akisikia kwamba mwenzake alimsomea namba za uongo, angefikiria nini kwanza, kama si mtego? Na mimi ni Mswahili, niliyefundishwa kudanganya kabla ya kutembea. Nilifikiri nimalize kwanza, alama zake zirudi, halafu nimweleze akiwa amefurahi.

Jumatatu nilikwenda ofisini peke yangu. Nilieleza duka, pazia, baraza, na mtu aliyetangaza vipimo sokoni, ambaye nilimtaja kwa jina kwa kuwa hakuwa mteja. Mwalimu Twagirayezu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaongeza nne kwenye kila namba yetu, akaweka rula juu ya karatasi. Mstari ukapita kwenye sifuri. Alicheka, kicheko kirefu, na sikujua kwamba meno yake ya mbele yana mwanya. Akavuta karatasi zangu za muhula wa kwanza, akazipekua moja moja.

"Hapa hakuna kosa lolote," akasema. "Hapa ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mtu."

"Umeona." Akaandika kitu pembeni. "Gahongayire atapata alama zote, aliandika alichosikia. Wewe nusu. Na kuanzia leo kila mmoja na meza yake."

Mchana ule Gahongayire aliingia maabara akaja moja kwa moja dirishani. Mwalimu akamwita, akamwelekeza meza ya nyuma, ile aliyokaa na Muhire. Alisimama akitazama huku na kule kama hakusikia. Kisha akachukua vitu vyake, akaenda. Kazi ilikuwa ya lenzi na mshumaa. Sikugeuka hata mara moja, maana nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa na nilitaka shukrani hiyo tuipate nje, wawili tu.

Nilimkuta koridoni. "Umemwambia nini?" akauliza.

Nikamweleza yote. Nilieleza haraka, nikimtazama usoni nione kama ananiamini. Aliniamini. Niliona mara moja, hata akatabasamu kidogo nilipofika kwa Twahiru, na moyo wangu ukatulia. Nikamalizia na alama: zote umepata, mwaka wako umepona.

"Nilikuambia tupokee nusu," akasema.

"Ungeanguka."

"Najua."

"Gahongayire, ungefukuzwa kabisa. Nimepiga hesabu."

"Na mimi nilipiga. Ulidhani sijui hesabu?" Hakupaza sauti. "Nilipiga pale pale ofisini, kabla hatujatoka. Tangu Muhire aondoke nafika hapa asubuhi, na hakuna mtu ananisemesha mpaka nifike kwenye ile meza. Kwa shangazi tunakaa na redio, tunasubiri. Nilitaka wiki zile, Umulisa. Mwaka ujao ni wa nani? Unajua wewe tutakuwa wapi mwaka ujao?"

Nilikuwa nimezoea upweke huo kuwa wangu, na haikunipitia akilini kwamba mwenzangu naye alikuwa akiutazama ule mlango.

"Tutakaa pamoja nje," nikasema. "Chakula cha mchana. Maktaba."

"Sawa," akasema. Ilikuwa sawa ya mtu anayefunga mazungumzo kwa adabu.

Tulijaribu. Siku mbili tatu tulikaa kwenye ngazi za maktaba, lakini pale hapakuwa na kipimajoto wala uzi, na bila kitu cha kushika katikati yetu tulikuwa wageni. Yeye alichoka, mimi niliona haya, na haya kwangu hugeuka ukali. Nikamjibu vibaya kwa jambo dogo, sijui hata lilikuwa nini. Kesho yake hakuja kwenye ngazi. Nami sikumfuata.

Mtihani wa maabara ulikuwa mwezi wa sita. Walinipa pendulamu. Kila mtu na meza yake siku hiyo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza darasa zima lilikuwa kama mimi, na walihangaika kweli, saa mkono huu, kalamu mkono ule, wakidondosha vitu. Mimi nilifanya taratibu. Nilipima, nikaandika mwenyewe nilichoona, nikamaliza kabla ya wote.

Gahongayire alifaulu. Jina lake lilikuwa kwenye ubao wa matangazo na langu pia, na tulisoma tukiwa tumesimama pande mbili za umati. Alinipungia mkono, nikampungia. Akashuka njia ya Gikondo kabla sijapata pa kupenya.

Mwalimu Twagirayezu alinipita pale pale ubaoni akanigusa bega. Karatasi yangu, akasema, haina kosa hata moja, ndiyo bora ya darasa. "Si nilikuambia? Wewe ni mtu wa kufanya kazi peke yako."

Alikuwa akinisifu, kwa hiyo nilimwambia asante, Mwalimu.